Mkataba Kwanza, Jezi Baadaye

Mkataba wangu wa kwanza wa kucheza soka ugenini niliusaini saa tano usiku hotelini, siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Kurasa 11, kwa lugha ambayo nilijua kusalimia tu. Wakala alinifunulia ukurasa mmoja mmoja, kidole chake kikinionyesha pa kuweka sahihi. Nilipouliza zimeandikwa nini, akajibu, "Mdogo wangu, tuliyokubaliana yote yamo." Nikasaini. Nakala sikupewa, na sikuidai.

Miezi mitano baadaye mishahara ikakwama. Mwezi wa kwanza tuliambiwa wadhamini wamechelewa. Wa pili, tukaambiwa tushinde kwanza mechi ya Jumamosi. Nilikuwa nalala nyumba ya klabu, na kibali changu cha kuishi kilitegemea ajira ile ile. Mwenyeji akigombana na klabu hupoteza kazi. Mgeni hupoteza kazi, pa kulala na ruhusa ya kukaa nchini, vyote kwa mpigo.

Aliyenisaidia ni beki mkongwe wa kikosi chetu. "Umeandika barua, dogo?" Nikamwambia nimeshalalamika kwa meneja. "Hiyo haina tarehe wala sahihi."

Hapo ndipo nilipojua kuwa tangu 2018 kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Ukiondoka kwa hasira bila barua, klabu inaweza kukugeuzia kibao na kukudai wewe kwa kuvunja mkataba. Nimeona mwenzangu akipatwa na hilo. Wala usilale na deni ukisubiri huruma, kwa sababu FIFA haisikilizi shauri likipita miaka miwili.

Nakuomba pia ukitafute kwenye mkataba wako kifungu kinachosema mkataba utakuwa halali ukifuzu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi. Kanuni hizo hizo zinakikataza. Klabu ikupime kabla ya kusaini. Kama mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoijua, mpe akusomee mtu anayeijua, asiyekula mkate wa wakala wala wa klabu, hata kama dirisha linafungwa usiku huo. Wakala mwenyewe lazima awe na leseni ya FIFA, na mkataba wako naye usizidi miaka miwili.

Wazazi, kijana wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye kanuni. Anayewaomba nauli na ada ya majaribio ya mtoto wa miaka 16, msimpe.

Kuhusu klabu ya kuchagua, nenda utakapocheza. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo 2011, Genk ya Ubelgiji 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Miaka tisa, na kila kituo alikuwa anafunga mabao kabla ya kupanda kingine. Mimi nilikimbilia jina kubwa nikakaa benchi msimu mzima, na benchi la ugenini lina upweke wake: wenzako wanacheka, hujui wanachekea nini. Lugha anza kujifunza wiki ya kwanza, na anza na maneno ya uwanjani. Nilishawahi kunyang'anywa mpira nikiwa wa mwisho nyuma, kipa akinipigia kelele kwamba kuna mtu mgongoni, nami nikadhani ananipongeza. Tulifungwa bao lile.

Barua yangu niliipeleka Jumatatu asubuhi, katibu akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Siku ya 13 mishahara yote miwili iliingia benki. Nakala ile ninayo mpaka leo, kwenye faili moja na pasipoti yangu.