Maswali Yenu ya Ufundi: Mifuko Inayopungua Urefu

SWALI: Nina mashine ya kukata mifuko ya karatasi ya kufungia unga hapa Jinja. Karatasi huzungusha rola ya kupimia yenye mzingo wa milimita 300, na mwishoni mwa shafti ya rola hiyo imefungwa enkoda, yaani kifaa cha kupima mzunguko, ya mapigo 1,000 kwa kila mzunguko. Urefu uliopangwa ni milimita 600, lakini tangu tulipoiwekea mota inveta, yaani kifaa cha kurekebisha mwendo wake, mahali pa swichi ya zamani, mifuko hutoka na milimita 596, mingine 598, na hakuna hata mmoja unaozidi kipimo. Fundi anasema enkoda imekufa. Je, ninunue nyingine? — Msomaji, Jinja

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Katika barua yako nimeona maneno manne yenye thamani kuliko mengine yote, nayo ni “hakuna hata mmoja unaozidi”.

Ndani ya enkoda kuna kisahani chenye mistari myembamba, taa ndogo upande mmoja na jicho la kupokea mwanga upande wa pili. Kila mstari unapopita, jicho hutoa pigo moja la umeme, na kwa kuwa rola yako ina mzingo wa milimita 300, kila pigo kwako ni milimita 0.3 ya karatasi. Kihesabio cha mashine kikifikisha mapigo 2,000, kisu hushuka. Kama skrubu ya kapulingi, yaani kiungo cha shafti na enkoda, ingekuwa imelegea, au karatasi ingekuwa inateleza juu ya rola, mapigo yangekuja pungufu, kisu kingechelewa na mfuko ungerefuka. Mfuko ukipungua milimita 4, maana yake kihesabio kimepokea mapigo kama 13 ambayo karatasi haikuyaleta.

Yametoka wapi? Inveta hupokea umeme wa volti 415, huugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja wa karibu volti 580, kisha transista zake, yaani swichi za kielektroniki, huukata na kuuunganisha tena maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ipate mwendo unaotakiwa. Kila mkato ni wa ghafla mno, na waya mwembamba wa ishara wa enkoda uliolala pembeni mwa waya wa mota hupata mshtuko ambao kihesabio hakiwezi kuutofautisha na pigo la kweli. Swichi yenu ya zamani haikuwa na tabia hiyo, na ndiyo sababu ugonjwa ulianza siku ileile mlipoibadilisha.

Hakikisha hivi. Toa karatasi, ifunge rola isitikisike, kisha uwashe mota huku ukitazama kihesabio. Namba zikipanda ilhali rola imetulia, yaelekea enkoda haina kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha enkoda mbili nzima kabla ya kufunua mfereji wa nyaya na kukuta waya wa ishara umefungwa pamoja na waya wa mota kwa utepe mmoja, kwa unadhifu wa kupendeza.

Dawa ni kuutenga waya wa ishara na ule wa mota kwa walau sentimita 30, na pale ambapo lazima vikutane, vipishane kama msalaba badala ya kulala sambamba. Tumia waya uliosokotwa jozi kwa jozi wenye ngao ya wavu, na ngao hiyo ishikwe na kibano cha chuma kwenye bamba lililounganishwa na ardhi, kwa sababu uzi mrefu uliosokotwa mwishoni mwa ngao hufanya kazi hiyo vibaya sana.

Kisha mwulize fundi wako kama ameunganisha waya mbili za ishara, yaani A na B, au A peke yake. Mapigo ya A na B hupishana kwa robo ya mzunguko wa pigo, na kwa mpishano huo kihesabio hutambua shafti inakwenda mbele au inarudi nyuma. Mwenye A peke yake huhesabu kila kitu kuwa mbele, hata rola inapotikisika mahali pamoja kisu kinaposhuka. Akiwa na zote mbili, mtikisiko mmoja huongeza na kupunguza, na hesabu hurudi ilipokuwa. Ningekuwa wewe, ningeanza na hili, kwani huenda waya wa B umekatwa na kukunjwa ndani ya boksi bila kazi.

SWALI: Kwa nini enkoda nyingine hukumbuka pembe ya shafti hata baada ya umeme kukatika? — Mwanafunzi wa ufundi, Lira

JIBU: Mwanangu, hazikumbuki, bali husoma upya. Kisahani chake kina njia kadhaa za alama, na kila pembe ina namba yake. Njia 12 hutoa pembe 4,096. Namba hizo hazipangwi kwa hesabu ya kawaida, ambayo kutoka 7 kwenda 8 hubadilisha alama nne kwa pamoja, 0111 kuwa 1000, na jicho moja likichelewa kidogo husomeka pembe ya uongo. Hupangwa kwa mfumo wa Frank Gray, mwanafizikia wa maabara ya Bell Labs aliyepewa hataza mwaka 1953, ambamo hatua ileile ni 0100 kuwa 1100, alama moja tu ikibadilika. Hata hivyo enkoda ya mzunguko mmoja haijui shafti imezunguka mara ngapi.

SWALI: Nikifunga inveta kwenye mota ya kinu changu cha mahindi, bili ya umeme itashuka? — Mama mwenye kinu, Masindi

JIBU: Kidogo sana, mama. Wanaokuahidi nusu ya bili wanakusomea hesabu ya pampu na feni, ambazo mwendo ukishushwa hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika huwa karibu nusu. Kinu cha nyundo kinahitaji mwendo wake wote ili unga upite kwenye chujio, kwa hiyo hakuna cha kushusha. Faida utakayoipata ni mota kuanza polepole, bila kuvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida. Tena, ukiwa na laini moja tu ya volti 240, zipo inveta zinazotoa umeme wa njia tatu (fezi tatu) kutokana na hiyo, mradi mota iliyoandikwa 230/400 nyaya zake zifungwe kwa mpango wa pembetatu (delta), si wa nyota (star).

Fundi wako asifungue kifuniko cha inveta mara tu baada ya kuzima. Kapasita za ndani, yaani vihifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa. Asubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kisha apime kwa mita, maana taa kuzimika si ushahidi.