Barua kwa mwanangu: Hakukusudia, mbona wamemfungia?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Huyu mtoto hajala." Labda ni kweli. Lakini mimi nilisikia hasira, na hiyo naijua vizuri kwa sababu umeirithi kwangu.

Unasema rafiki yako wa bandani, yule joki (mpanda farasi wa mbio) mwanagenzi mnayetoka naye alfajiri kuwafanyisha farasi mazoezi, amefungiwa siku saba kwa kupanda kwa uzembe. Farasi wake alihamia ndani kwenye mita za mwisho, akamziba mwenzake, na hakuna aliyeanguka. Nawe ukauliza: "Baba, farasi ndiye aliyehama. Yeye hakukusudia. Mtu anaadhibiwaje kwa jambo ambalo hakulikusudia?"

Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi mwaka 1991, nimesimama mbele ya mastewadi watatu, yaani waamuzi wa mbio, buti zangu zikiwa bado na matope. Nitakufikisha huko. Ila niruhusu nianzie kwenu, maana unaishi Lexington, Kentucky, huko Marekani, na mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka hapo unapolala ndipo ilipotokea kesi iliyozungumzwa kuliko zote za namna hii.

Ilikuwa tarehe 4 Mei 2019, mbio za farasi za Kentucky Derby, kwenye uwanja wa Churchill Downs. Ulikuwa bado hapa nyumbani. Unakumbuka tulivyoitazama kwenye simu ya mjomba wako, saa nane kasoro usiku? Farasi 19, mvua imenyesha, njia ni tope tupu. Maximum Security, mgongoni akiwa na Luis Saez, aliongoza. Wakiwa kwenye kona ya mwisho akahama nje ghafla. Pale alipohamia alikuwepo War of Will wa Tyler Gaffalione, na miguu ya mbele ya War of Will ikabakiza kidogo tu isukane na miguu ya nyuma ya yule kiongozi. Wewe ulipiga makofi. Mimi nilifumba macho. Kwato zikigusana pale, mnyama wa kilo karibu 500 anajikwaa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na nyuma yake wanakuja wengine wasio na pa kukwepea. Namna alivyobaki wima War of Will sijaielewa hadi leo.

Maximum Security akamaliza wa kwanza. Flavien Prat, aliyempanda Country House akamaliza wa pili, akaweka pingamizi, na Jon Court wa Long Range Toddy vilevile. Mastewadi wakakaa na picha zao dakika 22, kisha wakamshusha Maximum Security hadi nafasi ya 17, nyuma ya Long Range Toddy. Ushindi ukaenda kwa Country House, ambaye waliomwekea dola 2 walilipwa dola 132.40. Tangu mbio zile zianze mwaka 1875, hakuna farasi aliyekuwa amemaliza wa kwanza akanyang'anywa kwa kuwaziba wenzake siku hiyohiyo. Hata rais wao wa wakati ule aliingia mtandaoni kulalamika. Wenye farasi walikwenda mahakama ya shirikisho wakashindwa, wakakata rufaa, na mwaka 2020 wakashindwa tena.

Makelele yote yalikuwa juu ya farasi. Wachache walijali karatasi ya adhabu ya Saez, aliyefungiwa siku 15. Alikuwa ameeleza kwamba farasi wake alishtushwa na kelele za watu waliojazana katikati ya uwanja. Mimi namwamini, yule farasi alikuwa wa miaka mitatu tu, na umati ule ungemshtua hata ng'ombe wa maziwa. Wala hakuna aliyesema alikusudia. Kosa lililoandikwa ni kwamba alishindwa kumdhibiti farasi wake na hakufanya juhudi ya kutosha kumweka kwenye mstari ulionyooka. Sasa lisome tena lile neno juhudi. Hapo ndipo jibu lako lilipo, na mimi ilinichukua wiki tatu na kitanda cha hospitali kulielewa.

Unamjua baba yako mdogo. Umekua ukimwona anavaa shati kwa kuanza na mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono huo haupandi kupita bega. Nyinyi watoto mliambiwa alianguka na farasi. Ni kweli alianguka. Aliyemwangusha ni mimi.

Nilikuwa juu ya jike mmoja wa kahawia, mzuri wa mbio lakini mwenye tabia ya kuegemea ndani akichoka. Zilikuwa zimebaki mita 200. Baba mdogo, naye joki, alikuwa amekaa kwenye reli, ule uzio wa ndani wa njia, upande wangu wa ndani, kichwa cha farasi wake kikiwa usawa wa goti langu. Fimbo yangu ilikuwa mkono wa nje. Mambo haya unayajua sasa: ukimchapa farasi upande wa nje, anakimbilia ndani. Nikachapa. Akahama hatua moja. Mwanangu, niliihisi ile hatua kwenye mapaja kabla haijaisha. Ningeweza kuishusha fimbo, nikashika hatamu kwa mikono miwili na kumrudisha nje. Ningepoteza labda urefu wa shingo moja ya farasi. Lakini nguzo ya kumalizia nilikuwa naiona. Nikachapa tena mara mbili.

Tuliofundishwa na wazee wa zamani tulikuwa na kipimo: huingii mbele ya mwenzako mpaka uwe umempita kwa urefu wa farasi wako na urefu mwingine mmoja ulio wazi. Mimi sikuwa nimempita hata kwa nusu. Nilisikia reli ikilia, kisha sikusikia kitu. Nilishinda kwa urefu mmoja na nusu.

Mbele ya mastewadi nikasema hayohayo unayosema wewe. Sikukusudia. Farasi ndiye aliyehama. Yule mzee wa katikati, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, akaniambia, "Hatujakuuliza ulitaka nini. Tunakuuliza ulifanya nini farasi alipoanza kuhama." Wakaizungusha ile filamu iliyopigwa kutoka mbele. Kutoka ubavuni mbio huonekana safi, farasi wamepangana kama shanga. Kutoka mbele hakuna pa kujificha. Unaona mkono ukipanda, farasi anahama, mkono unapanda tena. Nilijiona nikichapa huku kofia ya mwenzangu ikizama nyuma ya kifua cha farasi wangu.

Jike wangu akawekwa wa mwisho. Mimi nikafungiwa siku 14, ambazo kwetu tuliokuwa tunakimbia Jumapili tu zilikuwa Jumapili mbili. Nililalamika kila kilabu cha chai. Nilisema wazee wana chuki, nilisema mtoto wa fulani angeachiwa. Wiki ya tatu ndipo nikapata moyo wa kwenda wodini. Baba mdogo alikuwa amefungwa bandeji kuanzia shingoni. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja: "Nilikupigia kelele mara mbili. Ulinisikia?"

Nilimsikia.

Kwa hiyo mwulize rafiki yako swali la mzee yule, usimwulize alikusudia nini. Farasi kuhama si kosa la mtu. Huhama kwa kelele, kwa kivuli, kwa uchovu, kwa kuumwa jino. Joki hulipwa kwa ajili ya kile kipande cha sekunde kinachofuata. Kwa mwendo ule urefu wa farasi mmoja unaisha kwa sehemu ya saba ya sekunde hivi, nawe utaniambia hakuna muda wa kufikiri. Ni kweli, hakuna. Ndiyo maana inatakiwa iwe imo mikononi tayari, na anayeshindwa kuonyesha kwamba mikono yake ilifanya chochote anafungiwa, hata kama moyo wake ni mweupe kama pamba.

Aliyekusudia naye yupo, lakini huyo ana kapu lake. Mwezi Septemba 2022, Saint-Cloud kule Ufaransa, Christophe Soumillon alimpiga kiwiko Rossa Ryan katikati ya mbio akamtupa chini. Si joki mdogo huyo, ni bingwa. Ryan aliinuka salama, Mungu mkubwa. Soumillon akafungiwa siku 60, na Aga Khan, mwenye farasi aliyekuwa amemwajiri, akavunja mkataba wake. Kilichoniudhi ni kwamba adhabu ilicheleweshwa kuanza kwa kufuata taratibu zao, kwa hiyo siku mbili tu baadaye alipanda kwenye Arc, mbio kubwa kuliko zote pale Ufaransa, akamaliza wa pili juu ya Vadeni. Sheria ni sheria, lakini picha ile ilinikaa vibaya kooni.

Na usidhani kuna majoki wazembe upande mmoja na majoki waungwana upande mwingine. Gaffalione, yuleyule aliyenusurika juu ya War of Will, mwaka 2024 alikuwa juu ya farasi aitwaye Sierra Leone kwenye Derby hiyohiyo. Mita za mwisho wakawa wanagongana na Forever Young wa Japani, na mkono wake wa kushoto ukaonekana ukimgusa farasi wa mwenzake. Faini dola 2,500. Miaka mitano, nafasi zimebadilishana.

Jambo la pili uliloligusa, kwamba farasi wa rafiki yako hakushushwa nafasi na bado yeye akafungiwa: hizo ni hesabu mbili, usizichanganye. Nafasi ya farasi inahusu aliyezibwa alipoteza nini. Siku za joki zinahusu alivyopanda. Uingereza, Australia, Hong Kong, na tangu 2018 Ufaransa pia, farasi aliyemziba mwenzake hashushwi mpaka ionekane kwamba bila kuzibwa yule mwenzake angemaliza mbele yake. Huko Marekani kwa kawaida inatosha kuwa amemgharimu nafasi yoyote ile. Ndiyo maana wengi walisema Maximum Security angebaki mshindi kama angekimbia Ascot kule Uingereza, kwa kuwa War of Will aliishia wa nane na hakuwa na dalili ya kushinda.

Mimi niko upande gani? Zamani nilikuwa upande wa Waingereza. Mwenye farasi amelipa majani mwaka mzima, kwa nini apokonywe kwa mkono wa mtu mwingine? Siku hizi sina uhakika huo. Ukimwachia farasi ushindi na joki ukampa siku chache, joki anayejua hesabu atapiga hesabu. Mshindi hupata kama asilimia 10 ya fungu la mwenye farasi. Weka mbio kubwa upande mmoja wa mizani na siku nne za kukaa nyumbani upande mwingine, uone kijana wa miaka 22 atachagua nini. Ukishika njia ya Waingereza, basi siku ziwe nyingi za kuuma, na zisihamishwe zipishe mbio kubwa. Faini peke yake kwa joki tajiri ni tiketi ya kuegesha gari.

Siku saba za rafiki yako, kwa mwanagenzi, si nyingi wala chache. Zitamwuma kwa sababu mkufunzi atampa mtu mwingine farasi wake, na huenda huyo mwingine akashinda naye. Mimi nilirudi baada ya Jumapili mbili nikamkuta yule jike ana joki mpya, na sikumpata tena.

Kama anataka kukata rufaa, ni haki yake. Ila kabla hajajaza fomu, aombe kuiona filamu ya mbele, aitazame na sauti imezimwa, na aangalie mkono wake tu. Kama mkono ulishuka na hatamu zikavutwa, apiganie siku zake zote saba. Kama ulipanda tena, anyamaze, aende chumba cha mizani, wanakopimwa uzito majoki, amtafute yule mwenzake aliyezibwa. Asianze na maelezo.

Baba yako mdogo anakusalimu. Nimemsomea barua hii kabla ya kuituma, kwa kuwa mambo yake yamo. Alicheka pale kwenye shati. Anasema nimekosea kitu kimoja: hakupiga kelele mara mbili, alipiga mara tatu. Anaomba pia, ukipata mtu anayekuja Desemba, umpe ile dawa ya kuchua wanayowapaka farasi miguuni. Bega linamsumbua msimu huu wa baridi, na ile ya binadamu anasema ni maji matupu.

Baba yako