Maswali ya wasomaji: Katika hadithi hii, nani anaweza kukataa?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja, distopia: hadithi za jamii iliyopangwa ikapangika mpaka ikawa jela ya watu wake. Tumechukua nne.

Nafundisha fasihi kidato cha tano hapa Masasi. Nikiwaambia wanafunzi wahusishe riwaya ya distopia na maisha ya leo, narudishiwa orodha: skrini ya kitabuni ni kamera ya benki, kiongozi wa kitabuni ni fulani. Alama wanapata, ila sioni walichofikiri. Nifanyeje?

Mwalimu, wanafunzi wako wanalinganisha vyombo. Wahamishie kwenye kanuni.

Chukua *1984* ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Ukutani kwa Winston, mhusika mkuu, kuna skrini inayomtazama, na mwanafunzi akiiona tu anaandika "kamera", anafunga daftari. Skrini ile ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, Winston hawezi kuizima. Anaweza kupunguza sauti, basi. Pili, hajui ni saa ngapi anatazamwa. Kwa kuwa hajui, anajichunga muda wote, hata sura yake anaipanga kabla hajageuka. Sasa swali la kuwauliza si kamera ziko wapi Masasi. Waulize: ni wapi unajinyamazisha kabla hujanyamazishwa? Utashangaa majibu yatakavyotoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hayajafika serikalini.

Kwa kipindi cha dakika 80, gawa hivi. Dakika 10 za mwanzo kila mmoja aandike kanuni ya riwaya kwa sentensi moja, bila jina la mhusika: "Katika jamii hii, mtu yeyote lazima..." au "hawezi...". Sentensi ikizidi mstari mmoja, airudie. Kisha dakika 20 kwa makundi ya watu watano, na maswali manne. Kanuni hii inaleta faida gani ya kweli, na kwa nani? Nani anaweza kuikataa, na akikataa anapoteza nini? Kosa likitokea, nani analirekebisha, na kwa muda gani? Nani aliikubali kwa hiari yake? Dakika 30 zinazofuata waiulize kanuni ya mtaani kwao maswali yaleyale. Zilizobaki waandike aya moja kuhusu mahali kitabu na mtaa vinapoachana. Aya hiyo ndiyo upe alama nyingi, maana kufanana kila mtu anakuona.

Mfano mzuri ni usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa, na ili usajili ulihitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mwanafunzi atakayeanza na "huu ni ukandamizaji" mrudishe kwenye swali la kwanza. Faida ilikuwepo: wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" walikuwa wakijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe. Insha isiyotaja faida hiyo ni kauli mbiu tu. Swali la pili nalo lina uzito wake, kwa sababu laini ikizimwa na akiba iliyomo unapata kazi kuifikia. La tatu linamgusa mtu ambaye namba yake haijatoka na hana la kufanya ila kusubiri. Halafu waone tofauti: tarehe ilitangazwa, ilisogezwa, na watu walilalamika hadharani. Kwa Winston hakuna hata moja kati ya hayo.

Kuna kosa linalojirudia hata kwa walimu: kusema *Fahrenheit 451* ya Ray Bradbury (1953) ni habari ya serikali kuchoma vitabu. Msome tena Beatty, mkuu wa wachoma vitabu. Anaeleza mwenyewe kwamba watu ndio walioanza kuacha kusoma, wakitaka vitu vifupi visivyomkera mtu. Moto ulikuja baadaye. Hapo swali la nne linajibika lenyewe.

Na wakataze kutaja jina la kiongozi yeyote aliye hai. Jina likishaingia, darasa linagawanyika kwa ushabiki na kanuni inasahaulika.

Mimi ni mzee wa Mikindani, msomaji wenu wa siku nyingi. Vitabu hivi vimeandikwa na Wazungu waliokuwa na vita na madikteta wao. Sisi watu wa Kusini vinatuhusu nini?

Shikamoo mzee. Anza na cha nyumbani. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa *Kusadikika*, nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria. Katika kujitetea anawataja wajumbe sita waliotumwa nje, wanne pande za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila aliyerudi na jambo la manufaa alitupwa gerezani. Ni distopia nusu, kwa sababu Karama anashinda kesi na wajumbe wanafunguliwa. Orwell hakumpa Winston bahati hiyo. Na huyo Orwell tumemsoma kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, Fortunatus Kawegere alipotoa tafsiri yake ya *Shamba la Wanyama*.

Kama ni historia, Kusini haikuhitaji kubuni. Julai 1905, Nandete, huko Umatumbi wilayani Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa lazima, na Maji Maji ikaanza. Miaka 42 baadaye zikaja karanga. Ofisi za London zilichora mamilioni ya ekari za karanga katika Tanganyika, Nachingwea ikiwemo. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, mvua haikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa. Waliochora hawakuwa majambazi, walitaka kulisha watu wenye njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuliko vingi vya madikteta: mpango ulikuwa na nia njema, namba zake zilikuwa nadhifu, na mkulima aliyeijua ile ardhi hakuulizwa.

Niko Lindi mjini. Shoga yangu alikopa elfu themanini kwenye programu ya simu. Alipochelewa siku tatu, wakwe zake, mwalimu wa mwanawe na mimi tulipokea ujumbe kwamba ni tapeli. Mtu mmoja akaniambia mambo haya yameandikwa zamani kwenye riwaya. Ipi? Na tufanye nini?

Pole yake, dada. Huenda alikuwa anafikiria *The Handmaid's Tale* ya Margaret Atwood, ya mwaka 1985. Kuna sehemu ambapo msimulizi anakwenda kununua sigara, namba ya akaunti yake inakataa, naye anadhani ni hitilafu. Baadaye anagundua kwamba siku hiyo akaunti zote za wanawake zimefungwa. Haikuhitaji askari mlango kwa mlango. Fedha zote zilikuwa kwenye kompyuta na kila akaunti ilikuwa na alama ya jinsia, kwa hiyo vilitosha vitufe vichache.

Ya shoga yako inafanana kwa hilo moja tu: orodha ya watu wote wa maisha yake ilikuwa mahali pamoja, na mwingine akaishika. Lakini msiivute zaidi ya hapo. Kule ni dola, huku ni mkopeshaji. Huku tena kuna kitu ambacho riwaya ile haina. Mkopeshaji wa kijijini huchukua baiskeli, au huweka rehani mikorosho yako mpaka msimu upite. Huyu wa simu amechukua aibu kuwa dhamana, na aibu hiyo si ya mkopaji peke yake. Wewe hukukopa wala hukubonyeza "nakubali", ila namba yako imo.

Ya kufanya: asianze kwa kufuta programu. Kwanza mpige picha za skrini za kila ujumbe, namba ya mtumaji na tarehe vionekane, zikiwemo za simu yako na ya mwalimu. Kisha aingie kwenye mipangilio ya simu, aondoe ruhusa ya programu hiyo kusoma majina, ujumbe na picha, ndipo aifute. Ajue kwamba kufuta hakurudishi namba zilizokwisha kuchukuliwa, hapo ndipo wengi hujidanganya. Aangalie kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Malalamiko ya namba kuchukuliwa na kutumiwa hivyo yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Na wewe uliyetumiwa ujumbe unaweza kulalamika kwa jina lako. Deni lenyewe ni suala jingine: kulalamika hakulifuti.

Shikamooni. Nina miaka 19, naishi Nachingwea. Naandika hadithi fupi ya Lindi ya mwaka 2060, ina roboti, ndege zisizo na rubani na mji wa vioo. Nimemaliza kurasa kumi na bado sijafika kwenye tukio. Nimekosea wapi?

Marahaba. Umejenga mji kabla hujapata mtu wa kukaa humo. Weka kando kurasa zote kumi. Chagua kanuni moja, chombo kimoja, siku moja, maneno 2,500 yasizidi.

Tukupe malighafi ya hapohapo. Mbanguaji wa korosho kwa mkono anajua kwamba ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana hujipaka majivu vidoleni. Msimu ukipamba moto, vidole hubabuka hata michoro yake isisomeke vizuri. Ngozi ikipona, michoro hurudi. Sasa weka kanuni: katika Lindi yako, malipo yote hutolewa kwa kidole. Mama anabangua, analipwa kwa kidole, kidole hakisomeki kwa sababu anabangua. Mashine inamwambia apumzike wiki tatu apone, na wiki tatu hizo ndizo anazotegemea kula. Hapo una hadithi, na hujahitaji roboti hata moja.

Katika maneno 150 ya mwanzo msomaji aione kanuni ikifanya kazi bila mtu kuieleza. Mama aweke kidole, taa nyekundu iwake, aliye nyuma yake kwenye foleni asogee hatua moja mbele. Ukianza na "Ilikuwa mwaka 2060, dunia ilikuwa imebadilika", umeshampoteza.

Karani asiwe mwovu. Mfanye mpole, mwenye haraka, anayemwita "mama yangu" na ambaye hana kitufe cha kumsaidia. Waandishi wengi wachanga huharibu hapa: wanamweka mkubwa mmoja katili, msomaji anamchukia, na kanuni inasalimika bila kuguswa. Mashine nayo izungumze Kiswahili cha ofisini tunachokijua, "ombi lako linashughulikiwa", maana upole wake unatisha kuliko king'ora.

Acha vitu vya zamani vibaki. Mwaka 2060 bado kutakuwa na mtu anayebeba ndoo, bado maembe yataoza barabarani msimu wake, bado watu wa kangomba watapita vichochoroni wakinunua korosho kwa bakuli na kulipa taslimu. Hao usiwasahau kabisa. Katika jamii inayolipa kwa kidole pekee, mlanguzi anayepunja kipimo ndiye njia pekee ya mama huyu kukataa, na itabidi umwamulie kama ataipita.