Jibu: Mawe bado meupe, na je, maji ya Kivu yanafaa?

Ndugu, umeuliza kwa nini mawe ya tangi lako la maji ya chumvi bado ni meupe, hayajaota mwani wa waridi, ule mgumu kama chokaa unaofunika mawe, na kama maji ya Kivu yanafaa. Nianze na maji, maana shida iko hapo. Maji ya Ziwa Kivu yana bikaboneti na magnesiamu nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Ukiyachanganya na chumvi ya akwariamu, ambayo tayari imepimwa vipimo vyake, kalsiamu inajitenga na kuganda kwenye hita na pampu. Mwani wa waridi unakosa kalsiamu ya kujengea gamba lake. Tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi, yaani kwa utando unaoondoa madini, hata kama hapa Goma chujio ni ghali.

Lenga kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350, na alkalini, yaani kiasi cha bikaboneti majini, dKH 8 hadi 9 (dKH ni kipimo chake). Alkalini ikishuka, gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, ile ya keki, hupandisha lita 100 kwa dKH 1 hivi. Usizidishe dKH 1 kwa siku, na usiimwage pamoja na kalsiamu: zikikutana zinafanya ukungu mweupe, umepoteza zote mbili.

Mawe makavu hayana mbegu za mwani huu. Omba jiwe lenye rangi ya waridi kwa mwenzako, likwangue ndani ya tangi lako, zima kichujio saa chache huku pampu ya mkondo ikizunguka. Taa iwe ya wastani. Kali mno huupausha. Fosfeti, kirutubisho cha mwani, ikiwa juu, mwani wa kijani utauwahi ule wa waridi.

Umeme ukikatika usiku, joto lisishuke sana chini ya nyuzi 24. Konokono waache, ila urchini, wale wanyama wa bahari wenye miiba, wanaula mwani huu wenyewe. Madoa ya kwanza ya waridi huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi.