Maswali ya Wasomaji: Magazini ya Plastiki Inapokataa Kulisha Bunduki

Barua nyingi tulizopokea hapa Nakuru katika wiki za karibuni zinarudia lalamiko moja kwa maneno tofauti: magazini mpya ya plastiki, yaani kile kisanduku kinachobeba risasi na kuzilisha bunduki, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, haikai sawasawa katika bunduki au haipandishi risasi inavyotakiwa. Nimechagua tano kati ya barua hizo. Majibu yangu yanawahusu wenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kila jaribio ninalolitaja lifanywe kwa risasi bandia, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama. Kutafuta kasoro ya magazini kwa kuingiza na kutoa risasi halisi nyumbani ni jambo ambalo silikubali kwa mtu yeyote, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

*Mzee Fundi, pokea salamu zangu. Nina bunduki ya .22 ya kuvuta bolti, lile komeo linalosukuma risasi mbele, ambayo nimeitumia kulenga shabaha kwa miaka tisa nikiwa na magazini ya chuma iliyokuja nayo. Mwaka huu nimenunua mbili za plastiki, za risasi kumi, zilizotengenezwa na kampuni nyingine. Zinaingia, lakini risasi ya kwanza hugonga chini ya mdomo wa chemba, yaani tundu la mtutu risasi inamokaa, na ya tatu au ya nne hukwama kabisa ndani ya magazini. Rafiki yangu amenishauri niipige tupa midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu zinazoshikilia risasi. Je, nimsikilize? — Mkulima, Njoro*

Ndugu Mkulima, nakuomba uiweke tupa mbali hadi utakapomaliza kusoma jibu hili. Umeeleza kasoro mbili zinazofanana kwa nje ilhali vyanzo vyake ni tofauti, na midomo ya magazini huenda haihusiki na hata moja.

Tuanze na risasi ya kwanza inayogonga chini ya chemba. Risasi ya .22 ni ndogo mno: urefu wake wote hauzidi milimita 25.4, na ule ukingo wa kitako chake, ambao ndio bolti huusukuma, una kipenyo cha takribani milimita 7 na unene wa takribani milimita 1. Bolti haiusukumi ukingo huo wote, bali sehemu ndogo ya juu inayochomoza katikati ya midomo ya magazini. Kwa hiyo magazini ikining'inia chini kwa nusu milimita tu kuliko inavyopaswa, bolti huishika risasi kwa shida, na ncha ya risasi huelekea ukutani badala ya kuelekea shimoni. Jaribio lake ni jepesi. Jaza risasi bandia, ingiza magazini, kisha sukuma bolti polepole huku mkono mwingine ukiiinua magazini kwa kidole kutoka chini. Risasi ikiingia vizuri wakati kidole kinasukuma, na ikagonga unapokiondoa, basi umepata jibu: pengo linaloshikwa na kishikizo cha magazini limekatwa juu kuliko mahali pake, au kishikizo chenyewe kimelika.

Ili ujue ni kipi kati ya hivyo viwili, ingiza ile magazini ya chuma na uchore mstari mwembamba wa penseli mahali inapokutana na kitako cha bunduki, kisha uchore mstari kama huo kwenye zile za plastiki na uzilinganishe. Ikiwa ya chuma nayo inacheza juu na chini, kagua kishikizo, na kagua pia skurubu zinazoufunga mtutu na kitako cha mbao, kwa maana skurubu iliyolegea huishusha nyumba yote ya magazini, na mwenye bunduki akaishia kulaumu plastiki isiyo na kosa. Ikiwa ya chuma imekaa imara na za plastiki pekee ndizo zinazoning'inia, zirudishe dukani. Najua inauma, lakini pengo la kishikizo lililokosewa kiwandani halirekebishiki kwa gundi wala kwa kipande cha utepe.

Sasa tuje kwenye risasi ya tatu au ya nne inayokwama. Hapa namshuku sana mkono unaojaza kuliko kiwanda kilichotengeneza. Kwa kuwa risasi ya .22 ina ukingo uliochomoza, risasi ya juu lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi ya juu inaposukumwa mbele hujinasa kwenye ya chini, na zote mbili hugoma. Wazee waliowahi kubeba ile .303 ya Kiingereza, bunduki iliyokaa miaka mingi mikononi mwa polisi na walinzi wa vijiji nchini mwetu, walifundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kulenga, kwa sababu risasi yake nayo ina ukingo. Magazini nyingi za .22 zimeinamishwa au kupindwa kidogo ili kukusaidia, lakini ukijaza kwa haraka, ukizisukuma risasi moja kwa moja kutoka juu, mpangilio huvurugika. Ingiza kila risasi kutoka mbele, uitelezeshe nyuma, kisha uigongeshe magazini taratibu kwenye kiganja.

Kukwama kukiendelea baada ya hapo, fungua kitako cha magazini, ukiishikilia springi kwa kidole gumba isiruke, na uangalie ndani kwa tochi. Katika magazini za bei nafuu huonekana mstari uliochomoza mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Kijibao kinachosukuma risasi hukwaruza mstari huo na kuinama upande mmoja. Hapo ndipo mahali pekee ninaporuhusu kisu kikali kitumike, na kwa kukwangua yale mabaki tu.

Midomo usiiguse. Mdomo wa chuma uliofunguka fundi anaweza kuubana kwa koleo na kuurudisha, lakini plastiki iliyokatwa haina njia ya kurudi, na midomo ndiyo inayoamua risasi iachiliwe lini na kwa pembe gani. Nimeletewa magazini kadhaa zilizopigwa tupa kwa nia njema, na sikuweza kuokoa hata moja.

*Shikamoo Mzee. Nilihamishwa kikazi kutoka Nakuru hadi Kisumu mwezi wa tatu. Magazini zangu za plastiki, ambazo zilikuwa zikidondoka zenyewe nikibonyeza kishikizo, sasa lazima nizivute kwa mkono. Sijazibadilisha kwa lolote. Inawezekana hewa ya ziwani ndiyo sababu? — Mwalimu wa kike, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na swali lako limenifurahisha kwa sababu umeangalia kilichobadilika badala ya kukimbilia fundi.

Magazini nyingi za plastiki hutengenezwa kwa nailoni iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Nailoni ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani na kuvimba kidogo. Nyuzi za kioo huupunguza uvimbe huo bila kuuondoa. Nakuru iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850 na hewa yake ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, penye joto na unyevunyevu. Plastiki ikivimba kwa nusu ya asilimia 1 tu, upana wa milimita 20 huongezeka kwa milimita 0.1, na kwa magazini iliyotengenezwa ikae kwa kubana tangu mwanzo, kiasi hicho kinatosha kuizuia isidondoke. Kazi hiyo huchukua siku na wiki, si saa, ndiyo maana hukuiona ulipofika.

Kabla ya kukubali maelezo hayo, pima. Omba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi yeyote wa mashine, upime upana sehemu ya juu, katikati na chini, magazini ikiwa tupu na kisha ikiwa imejaa risasi bandia. Iwapo tofauti inaonekana pale tu inapojaa, basi kuta zake zinasukumwa nje na risasi, na tatizo ni wembamba wa kuta wala si unyevu. Iwapo ni nene hata ikiwa tupu, ni unyevu.

Nakusihi usizianike juani wala usiziweke karibu na jiko ili zikauke. Nailoni iliyokaushwa kupita kiasi hupoteza unyumbufu wake, na ikianguka sakafuni hupasuka kwa urahisi zaidi kuliko ile yenye unyevu wake wa kawaida. Magazini inayokaa mahali pake na kulisha vizuri, lakini inahitaji kuvutwa ili itoke, haina hitilafu kwa mlenga shabaha. Zikianza kugoma kuingia, hapo ndipo utafute nyingine.

*Mhariri, nilikuwa katika kazi ya ulinzi na nimesikia mara nyingi kwamba magazini za bunduki za risasi ya milimita 5.56 za nchi za NATO zinaingiliana. Mbona basi husemwa kwamba za plastiki hukataa baadhi ya bunduki? — Mstaafu, Eldoret*

Mzee wangu, hizo ni bunduki za kivita ambazo raia haruhusiwi kumiliki hapa Kenya, lakini swali lako linafafanua vizuri chanzo cha matatizo ya wasomaji wengine. Mwongozo wa NATO kuhusu magazini hizo, STANAG 4179, ulipendekezwa mwaka wa 1980, lakini haukuwahi kuidhinishwa rasmi. Vipimo vilivyofuatwa vilikuwa vya magazini ya alumini ya bunduki ya M16 ya Marekani, na kila nchi ikatengeneza bunduki yake karibu na vipimo hivyo. Bati la alumini ni jembamba. Plastiki, ili ipate nguvu ileile, lazima iwe nene zaidi, na unene huo unahitaji nafasi ambayo bunduki nyingine haina.

Kampuni ya Magpul ya Marekani ilipotoa magazini yake ya plastiki, PMAG, mwaka wa 2007, ilifanya kazi vizuri katika M16 na ndugu yake fupi M4, lakini haikukaa vizuri katika L85, bunduki ya jeshi la Waingereza, hata ikalazimu itengenezwe aina nyingine, EMAG, yenye umbo la nje lililobadilishwa. Kikosi cha Wanamaji (Marines) cha Marekani kiliidhinisha toleo la tatu la PMAG mnamo Desemba 2016, miaka tisa baada ya lile la kwanza. Ikiwa majeshi yenye maabara zao huchukua muda huo kujiridhisha, mkulima wa Njoro asione haya kurudisha magazini dukani.

*Mzee, huku kwetu Gilgil vumbi haliishi. Napaka mafuta mengi ndani ya magazini lakini baada ya siku moja uwanjani kijibao hakipandi. — Msomaji, Gilgil*

Acha mafuta. Wewe unaishi karibu na Kariandusi, mahali panapochimbwa udongo mweupe wa diatomaiti, ambao viwanda huutumia hata kung'arishia vyuma kwa sababu chembe zake ni ngumu. Jina la Nakuru lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi hilo likikutana na mafuta hugeuka tope linalokwaruza. Ndani ya magazini ya plastiki hapahitaji mafuta: osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha kabisa kivulini, na uifute springi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana ili isishike kutu. Basi.

*Magazini yangu ya plastiki angavu imepata nyufa ndogondogo karibu na midomo. Haijawahi kuanguka. Naisafisha kwa petroli. Pia huiacha imejaa kabatini tangu wikendi moja hadi nyingine. — Kijana, Kakamega*

Plastiki angavu mara nyingi si nailoni, na aina zake kadhaa, hasa polikaboneti, huharibiwa na petroli, na vivyo hivyo na dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, ambayo wengi wenu huko magharibi mnajipaka jioni na kisha mnashika vifaa. Nailoni huivumilia DEET, polikaboneti haiivumilii. Kwa hiyo mikono ioshwe kwanza. Kuhusu kuiacha imejaa: springi nzuri ya chuma haichoshwi na kukaa imebanwa kama inavyochoshwa na kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, lakini midomo ya plastiki inayosukumwa na risasi usiku na mchana hufunguka polepole, na penye ufa hufunguka upesi zaidi. Toa risasi zote, zifungie mbali na bunduki. Magazini hiyo yenye nyufa ivunje vipande kabla ya kuitupa, ili mtu mwingine asije akaiokota na kuitumia.