Mwezi wa bei rahisi kwenye hoteli za ol-inklusivu Unguja
Aprili na Mei, masika hayo, ndio ol-inklusivu (hoteli ambazo chakula na vinywaji vimo kwenye bei ya chumba) za Kiwengwa na Nungwi zinashuka bei, ila mwisho wa Disemba kama una watoto watatu usithubutu, bei iko juu. Mie nimekaa risepsheni miaka, piga simu mwenyewe uulizie bei ya wakaazi, yaani ya wanaoishi nchini, maana mtandaoni mara nyingi haionekani, uende na kitambulisho, na umri wa watoto sema mapema kwani kila hoteli ina mpaka wake wa nani analala bure chumba cha wazazi, wengine wakipunguza miaka tunawaona tu tunacheka. Ila kuna hoteli zinafunga kabisa masika kwa matengenezo, na kodi ya kila usiku uliza kama imo kwenye bei, hoteli nyengine unaikuta kaunta.