Simu ya Shangazi Ndiyo Mwamuzi: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Video za Picha

Kila kijana anayeingia kwenye kazi hii ya kuunganisha picha na vipande vya video za harusi, ubarikio, mahafali au msiba huuliza swali lilelile: nitumie programu gani? Na kila anayemjibu humtajia ile anayoitumia mwenyewe, basi. Mimi nakushauri uanzie upande wa pili. Tafuta kwanza simu. Usitumie yako, maana pengine ina kioo kizuri na nafasi ya kutosha, nayo itakudanganya. Tafuta itel au Tecno ya bei ya chini, ya miaka kadhaa nyuma, yenye RAM ya GB 1 au 2 na memori iliyojaa. Ndiyo iliyomo kwenye mkoba wa shangazi wa bibi harusi, na shangazi ndiye atakayeisambaza video kwenye kundi la ukoo. Programu yoyote utakayoijaribu, ihukumu kwa kinachoonekana kwenye simu hiyo.

Enzi za DVD mambo yalikuwa rahisi. Diski ya PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu, ina pikseli 720 kwa 576, kila kitu kimelala kwa upana, ukimaliza kuchoma umemaliza. Leo mteja mmoja anataka video hiyohiyo isimame wima kwa ajili ya status, ilale kwa ajili ya projekta ukumbini, na iwe nyepesi ya kutuma kwenye kundi. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili: tengeneza kazi fupi ya 16:9 (iliyolala), kisha iambie programu igeuke 9:16 (wima). Nyingine hupanga picha upya zenyewe, nyingine huacha kila kitu kilipokuwa ukabaki na mistari myeusi juu na chini, na nyingine hukulazimisha uanze upya kabisa. Hiyo ya mwisho iweke pembeni, hata kama madoido yake yanakuvutia.

Andaa mzigo mmoja wa majaribio na uutumie huohuo kwa kila programu, la sivyo utakuwa unalinganisha kazi tofauti. Ndani yake weka picha zinazosumbua kweli. Picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama, kwa mfano: mara nyingi simu huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huandika ndani ya faili, kwenye taarifa za Exif, kwamba igeuzwe inapofunguliwa. Programu isiyosoma maandishi hayo itakulazia bwana harusi ubavu. Weka pia picha ya HEIC, maana iPhone zimekuwa zikihifadhi hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na wateja wenye iPhone hawajui kabisa kwamba faili yao ni tofauti. Weka picha ya zamani iliyoskaniwa. Weka na picha iliyokwishapita WhatsApp, yenye takriban pikseli 1600 upande mrefu. Hizi ndizo utakazoletewa zaidi, na ukiusogeza karibu uso wa mtu mmoja katika picha ya familia nzima, utaona jinsi programu inavyokuza: nyingine huacha uso laini unaotazamika, nyingine hutoa vipande vya miraba.

Kipande cha video chenye mtu anayezungumza kisikosekane. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha zinazounda kila sekunde ya video) inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, na programu dhaifu hushindwa kufuata. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja, ikifika dakika ya nne mzee wa familia anafumba mdomo huku nasaha zake bado zinasikika. Kipande cha sekunde kumi hakitakuonyesha tatizo hilo. Chukua kirefu, ruka moja kwa moja mpaka mwisho, tazama midomo.

Kisha maandishi. Kiswahili chetu hakina alama nyingi juu ya herufi, lakini kina ng', na fonti za mapambo zenye mikia hupenda kuiharibu: alama inageuka kisanduku kitupu au inaangukia mbali na herufi yake. Andika jina lenye ng' kwa kila fonti unayotarajia kutumia. Halafu andika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Ukiwa Tanga, Zanzibar, Mombasa au Lamu, hili si la hiari. Kiarabu huandikwa kutoka kulia na herufi zake hushikana, lakini baadhi ya programu huziandika mojamoja, zimeachana, tena kutoka kushoto. Wewe usiyesoma Kiarabu hutaona kosa. Baba wa bwana harusi ataliona kabla wimbo haujaanza. Programu ikishindwa hapo lakini ni nzuri kwingine, si lazima uitupe: andaa maandishi hayo kama picha ya PNG yenye mandhari ya uwazi, uyaingize kama picha.

Mwendo wa picha nao unastahili jicho kali. Ule mtindo wa picha kusogea polepole ndani au pembeni, unaoitwa kwa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za historia wa Marekani, ndio unaoipa uhai picha iliyotulia. Jaribu usogezaji wa taratibu kabisa, sekunde nane kwa picha moja, na uangalie kingo za majengo au mistari ya khanga. Programu inayosogeza kwa pikseli nzimanzima hufanya picha itetemeke. Kwa mwendo wa haraka hutaona kitu, ndiyo maana video za matangazo za programu hizi huenda mbio. Na usiache programu ikuchagulie pa kukata. Ikijaza kioo cha wima kwa picha ya watu waliosimama kwa safu, inabakiza watu wa katikati tu, na wa pembeni hupigi simu kuwaomba radhi, wanakupigia wao.

Tuje kwenye faili yenyewe, maana hapa ndipo wengi hawatazami kabisa. Pakua MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha kilichomo ndani ya faili, na ufungue nayo kila video unayotoa. Unachotaka kuona kwa ajili ya simu za kila aina ni faili ya MP4, picha iliyobanwa kwa H.264, sauti iliyobanwa kwa AAC, na rangi kwa mpangilio wa 4:2:0, unaopunguza taarifa za rangi ili faili iwe ndogo. H.264 ni kiwango cha mwaka 2003, na karibu kila simu inayocheza video inakifahamu. HEVC, yaani H.265 ya mwaka 2013, hutoa faili ndogo zaidi kwa ubora uleule, na programu nyingine huichagua zenyewe bila kukuuliza. Kwenye simu yako itacheza vizuri. Kwenye ile ya shangazi unaweza kusikia wimbo huku kioo ni cheusi. Mpangilio wa rangi nao una mtego: ukitumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kuunganisha picha za PNG bila kutaja yuv420p (ndiyo hiyo 4:2:0), inaweza kukupa 4:4:4, yenye rangi zote bila kupunguzwa, na simu nyingi haziwezi kuicheza.

Ukubwa ni hesabu ya darasani. Video ya dakika tatu ni sekunde 180. Kwa kiwango cha biti (bitrate) cha megabiti 4 kwa sekunde unapata megabiti 720, gawa kwa 8, ni MB 90. Kwa megabiti 2 ni MB 45, na sauti ya kilobiti 128 inaongeza kama MB 3. Picha zilizotulia hubanika vizuri, kwa hiyo 720p kwa megabiti 2 inatosha kabisa kwenye kioo kidogo. Kinachoharibu hesabu hii ni zile templeti za nyota zinazomwagika na dhahabu inayometameta. Kila chembe inayoruka ni kitu kipya kwa kibanaji, yaani sehemu ya programu inayobana video, na biti zikiisha, nyuso ndizo zinazovurugika. Najua wateja wetu wanazipenda. Ziweke mwanzoni na mwishoni, katikati acha watu waonekane. Programu isiyokuruhusu kuchagua kiwango hicho cha biti, inayokupa tu vitufe vya "ubora wa juu" na "ubora wa kawaida", inakunyima usukani.

Mashine yako pia iko kwenye mtihani. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa MB 4 kwenye diski, lakini ikifunguliwa kamili kwenye RAM ni kama MB 48. Picha mia moja zikifunguliwa kwa pamoja ni karibu GB 5. Programu nzuri hutengeneza nakala ndogo za kufanyia kazi na kurudi kwenye picha halisi wakati wa kutoa faili; nyingine huganda tu. Jaribu na picha nyingi kama za harusi ya kweli, maana na tano kila programu ni nyepesi.

Kuhusu majina, sitakaa sana. Kwenye simu, CapCut, InShot, VN na KineMaster zote zinaweza kufanya kazi ya mteja. Angalia nembo yao kwenye video, na angalia ni kitu gani kilichokuwa bure ambacho sasa kinadai malipo ya mwezi. Kwenye kompyuta, Shotcut na Kdenlive ni za bure kabisa, zimejengwa juu ya injini moja ya MLT, na hazikuwekei nembo. DaVinci Resolve ni kubwa na ina toleo la bure lenye nguvu, ila bila kadi nzuri ya michoro itakutesa.

Suala la uhai wa programu vijana hulidharau. ProShow ndiyo iliyokuwa mfalme wa video za picha, mpaka kampuni yake, Photodex, ilipofunga milango mapema 2020. Microsoft iliachana na Windows Movie Maker ya zamani Januari 2017. Januari 2025 watumiaji wa Marekani waliikuta CapCut imezimwa pamoja na TikTok kwa sababu ya sheria ya kwao, na haikurudi mara moja. Kwa hiyo uliza mapema: kazi yangu inahifadhiwa kwenye diski yangu au kwenye seva zao? Bila intaneti itafunguka? Kopi za ProShow zilizovunjwa kinga (crack) bado zinazunguka kwenye fleshi, lakini mtu akikuletea moja, ujue unaweza kupokea na virusi vyake, na hakuna wa kumuuliza ikigoma. Hata uwe na programu gani, weka kando picha halisi, wimbo, na faili ya mwisho ya ubora wa juu.

Jaribio la mwisho lifanyie kwenye WhatsApp, lakini kwa njia mbili. Tuma video kwa kawaida kwenda kwenye ile simu ya bei ya chini, kisha itume tena kama Hati (Document). Ya kwanza hubanwa upya na WhatsApp. Ya pili hufika kama ilivyotoka mikononi mwako, na tangu 2022 hati inaweza kufika hadi GB 2, ingawa bando la mteja haliwezi. Zilinganishe kwenye mwanga wa jua, nje. Tazama kama majina bado yanasomeka, na kama hayajafunikwa na vitufe vya chini kwenye status. Halafu weka faili mtandaoni uifungue kwa kiungo: ikikaa inazunguka mpaka ipakuliwe yote ndipo icheze, ni kwamba faharasa ya faili, yaani orodha inayoonyesha kila kipande kilipo, imeandikwa mwishoni. HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, ina kisanduku cha kuandaa faili kwa ajili ya wavuti, na FFmpeg hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache kwa -c copy -movflags +faststart, bila kugusa ubora wa picha.